Tulivyokwenda Kakesio Kumtafutia Buibui Mume

Mama Veronika na Mama Sulle, mmenisimamisha njiani mara tatu tangu nirudi, na kila mara kicheko kinanishika kabla sijafika katikati ya habari, ninyi mnabaki hamjui kama nilikwenda kwa buibui au kwa harusi. Nilikwenda kwa vyote viwili. Leo nimekunywa uji nikashiba, nimechukua daftari la mjukuu wangu Lusia na penseli yake, naandika polepole kama alivyotufundisha katekista Yohani kwenye darasa la ubatizo, maana shule nyingine sina. Herufi zikilala, ziinueni wenyewe.

Rhotia mpaka Karatu

Mnajua niliondoka hapa na debe la maharage kichwani, nikisema nitarudi kabla ya jua kutua. Sikusema uongo. Sikujua tu.

Dukani kwa Mzee Saidi, yule ambaye baba yake alitoka Tabora na mama yake ni Mrangi wa Kondoa, nilikuta ugomvi. Binti yake Zuhura amerudi likizo kutoka chuo kikuu cha Uganda. Zuhura huyu kitovu chake nilikikata mimi, alizaliwa miguu mbele mwaka ule wa nzige, na tangu siku hiyo hajawahi kuingia mahali kwa njia ya kawaida. Alitaka kwenda Kakesio, huko mbali kwa Wamasai, ng'ambo ya Endulen. Baba yake alikuwa anasema binti hasafiri siku zote hizo na dereva peke yake. Mimi naingia mlangoni, debe bado liko kichwani, Mzee Saidi akaninyooshea kidole.

"Utakwenda na Bibi Paskalina," akamwambia, "au hutakwenda kabisa."

Zuhura akaja akanitua debe. "Shikamoo, bibi. Umesikia?"

Nimesikia, nikasema, lakini nauliza, tunakwenda kufanya nini?

Basi hapo akaniketisha juu ya gunia la chumvi akanieleza. Mwaka jana, baba yake alipopeleka biashara Kakesio, Zuhura alifuatana naye, akaokota buibui watano chini ya mawe. Si wale wanaotanda pembeni mwa nyumba. Hawa hawatandi wavu, usiku wanakimbia ardhini, mchana wanalala chini ya jiwe, weusiweusi, hawana urembo wowote. Wote watano majike. Akawapeleka kwa mwalimu wake akisema hawa hawajaandikwa katika kitabu chochote. Mwalimu akajibu: jike peke yake halinitoshi. Niletee mume, na nijue kwamba ni mume wake, si mpita njia. Bila mume, kazi yake ya mwaka mzima haikubaliwi, na chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya majuma matatu.

Nikamuuliza kwani buibui mmoja na mwingine mnawatofautishaje, si wote weusi? Akaenda kwenye rafu akaleta makufuli matatu ya baba yake. "Bibi, haya yanatofautiana?" Nikasema hayatofautiani. "Geuza chini uangalie tundu." Nikageuza, kweli, kila tundu na sura yake. Akasema ndivyo walivyo buibui hawa. Rangi inadanganya, ukubwa unadanganya, miguu inadanganya. Mahali pasipodanganya ni pale pa uzazi. Jike ana kibamba kidogo cheusi chini ya tumbo, chenye vitundu vyake. Dume ana vimikono viwili vifupi karibu na mdomo, ncha zake zimevimba na zina kijipembe, na kila kabila la buibui lina pembe yake inayoingia kwenye tundu la kwao tu.

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, wateja wamesimama. Mzee Saidi aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakukipata mpaka alipomaliza. Mimi ni mkunga, nimeona mengi, lakini nilijifunika kanga nikacheka hadi gunia likatoboka.

Karatu mpaka getini

Tulipanda lori la Mzee Saidi lenye unga, sukari, majani ya chai na shuka nyekundu. Dereva Bakari Mrisho, Mluguru, mtu wa swala tano na hadithi sita. Mimi na Zuhura mbele pamoja naye, na kati yetu sanduku lenye vichupa vya kioo, kila kimoja kimezibwa kwa pamba, vingine vina spiriti na wale majike watano wa mwaka jana ndani yake.

Pale getini, pa kuingilia hifadhi ya wanyama, askari alitusimamisha. Jina lake Elifasi, Mpare, mrefu kama nguzo ya simu. Alifungua sanduku, akatoa kichupa, akang'oa pamba, akanusa. Uso ukabadilika.

"Hii nini?"

"Buibui," akasema Zuhura.

"Naona buibui. Nauliza haya maji."

Zuhura akasema ni spiriti ya kuhifadhia. Elifasi akacheka kama mtu aliyekamata mwizi. Akasema ameshaona gongo ndani ya chupa ya dawa, ndani ya mpira wa gari, ndani ya mtoto wa bandia, lakini gongo lenye buibui ndilo la kwanza. Alitaka kumwaga. Nikaona kazi ya mwanangu inakwenda mchangani.

"Baba," nikamwambia, "kama ni gongo, onja. Lakini umeze na miguu yake minane."

Akatazama ndani ya kichupa. Yule jike alikuwa amelala chali, tumbo juu. Akakirudisha kwa vidole viwili, taratibu.

Ingekuwa imekwisha, lakini aliuliza sasa buibui hao wa nini, na Zuhura hajui kujibu kwa kifupi. Akaeleza yote, kibamba na vimikono, mbele ya mwanamume. Elifasi akanitazama mimi, mimi nikatazama miti. Akasema tangu geti hili liwekwe amepitisha watu wa simba, watu wa faru, watu wa kutazama shimo tu na kurudi, lakini watu wa kutazama uchi wa buibui hajapata kuwapitisha. Akamwita mwenzake, Zuhura akaeleza upya. Mwenzake akamwita mpishi. Wakapokezana lenzi ndogo ya mkononi, kila mmoja akisema "Lo" na kumpa mwenzake. Tuliondoka pale jua limeshahama upande mmoja wa gari kwenda mwingine, na mpishi, jina lake Desideri, alitupa viazi vitamu vya kuchoma sita. Vilikuwa vitamu hasa.

Msituni, kwenye tope

Mnajua mvua ya vuli ilivyokuwa mwaka huu. Juu kule msituni ukungu ulikuwa mzito hata Bakari akawa anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, akipiga honi kuwaomba nyati njia. Kwenye kona moja gari likateleza kama mlevi, likakaa. Bakari akashuka, akatazama magurudumu, akasema Alhamdulillahi halijapinduka, akavua viatu akachukua jembe.

Tulikaa hapo mpaka jioni. Nilitoa kande niliyofungiwa na mke wa Mzee Saidi, imepoa, mafuta yameganda, tukaila kwa mikono yenye tope na ilikuwa tamu kuliko ya harusi. Zuhura hakuweza kutulia. Alipanda kando ya barabara akaanza kupindua mawe, na mimi nikamfuata, maana nilipewa kazi ya kumlinda na sikujua ningemlinda vipi nikiwa nimekaa.

Akanifundisha. Unashika ukingo wa mbali wa jiwe unauinua kuelekea kwako, ili nyoka akiwemo atoke upande ule. Unatazama upesi. Unafunika buibui kwa kichupa, unasukuma pamba. Na kila jiwe unalirudisha kama lilivyokuwa, maana ndiyo paa la mtu. Hilo nilimpendea.

Nilikamata wanne. Nilijivuna sana. Zuhura akawageuza kwenye mwanga, akatazama kwa lenzi, mmoja baada ya mwingine, akawaachia wote.

"Watoto, bibi. Bado hawajafunguka. Mtoto huwezi kumpa jina la kabila lake, hata awe mkubwa namna gani."

Nikamwambia kwetu tunampa mtoto jina siku ya kwanza. Akasema kwa buibui unangoja mpaka ajivue ngozi mara ya mwisho. Kabla ya hapo, hakuna msomi duniani anayeweza kukwambia ni nani. Bakari, ambaye alikuwa ndani ya tope mpaka magotini, akasema basi hata yeye asihesabiwe, bado hajafunguka, na tukacheka mpaka akakasirika kwamba hakuna anayemsukumia gari.

Endulen, na punda wawili

Bakari alibaki Endulen kuuza. Tukapatana: Jumatatu ya juma lijalo lori linageuza, tuwe tumefika. Kutoka pale hakuna barabara ya gari la namna ile, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu na Lekishon, mtu wa Kakesio aliyekuja kununua shuka, na punda wake wawili. Mmoja anaitwa Narok kwa weusi wake na mwingine hana jina kwa sababu hastahili, ndivyo alivyosema Lekishon. Huyo asiyestahili ndiye aliyebeba sanduku la vichupa. Njia nzima nilitembea nimemshika mkia.

Tulikwenda siku nzima na asubuhi ya pili. Nchi inashuka, miti inapungua, upepo mkavu, pundamilia wanakutazama kama umekosea nyumba. Lekishon anajua Kiswahili cha kuuzia ng'ombe, mimi najua Kimasai cha kubadilishana mahindi, kwa hiyo tulizungumza vizuri kabisa juu ya ng'ombe na mahindi. Aliponiuliza binti anatafuta nini, nilikosa maneno. Nikamwambia anatafuta mifugo iliyopotea. Akaniuliza wa rangi gani. Nikasema weusi. Akaniuliza wangapi. Nikasema mmoja tu, dume. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema dume moja jeusi, kweli inauma.

Kakesio: makopo kumi ya maziwa

Tulifikia kwa Nolari, shemeji yake Lekishon, mjane kama mimi, meno mazuri, kicheko cha kusikika mpaka malishoni. Kiswahili anakijua kwa sababu alikuwa akiuza maziwa Endulen. "Takwenya," nikamsalimu. "Iko," akaitikia, kisha tukatazamana, na nikajua tutaelewana.

Jioni hiyo Zuhura akatega. Namna yake ni kufukia kopo tupu ardhini mpaka mdomo wake ulingane na udongo, na ndani yake unaweka maji kidogo yenye sabuni. Buibui akikimbia usiku anatumbukia. Tulifukia makopo kumi kuzunguka boma. Nolari alitutazama na hakuuliza, maana mgeni haulizwi siku ya kwanza.

Asubuhi tulitoka kwenda kuangalia. Makopo hayapo. Mashimo yote yamefukiwa vizuri na kukanyagwa, ndama asivunjike mguu. Tukarudi mbio. Mbele ya mlango wa Nolari makopo yamepangwa mstari mmoja, kumi, yanang'aa, yamesafishwa kwa makaa ya mti wa oloirien kama wanavyosafisha vibuyu vyao, na kila moja limejaa maziwa mpaka juu.

Nolari amesimama kando, amefurahi. Alikuwa amemuona mgeni wake ana haya ya kuomba, ameacha vyombo nje kimyakimya. Na chombo cha mgeni hakirudi kitupu.

"Mliyazika ili mbwa wasiyaangushe," akasema. "Akili nzuri. Lakini pole sana, yalikuwa yameingiwa na wadudu. Buibui wengi mno. Nimewatoa wote, usiogope."

Nilimshika Zuhura mkono kabla hajafungua kinywa. Maziwa hayakataliwi, na mwenyeji haaibishwi mlangoni pake. Tukakaa, tukanywa. Kopo la kwanza Zuhura alilinywa machozi yakimtoka, na la pili nikaona mabega yanatikisika, nikajua sasa anacheka. Yale maziwa yana harufu ya moshi, mazito, unayasikia yanashuka mpaka kwenye magoti. Lilipofika kopo la nne ndipo nilipopata maneno. Nikamwambia Nolari: dada, hao uliowatoa ndio tuliowajia.

Nolari alitazama makopo, akatazama lile jaa alikomwaga, kuku wa jirani wanatembea juu yake wameshiba. Akaketi chini. Alicheka mpaka akajilaza ubavu, kisha ghafla akanyamaza akauliza: "Binti atafukuzwa shule?"

Nikamwambia bila dume, ni kama kufukuzwa. Akasimama, akafunga shuka yake vizuri. Akasema yeye ameharibu na yeye atatengeneza.

Kakesio: layoni

Nyuma ya zizi la ndama kulikuwa na ngozi ya fahali, imelala chini tangu mume wake alipokuwa hai, ngumu kama mlango. Hakuna aliyeinyanyua miaka yote hiyo. Nolari akasema wadudu wote wa dunia wanaishi hapa. Tukashika watatu, tukainua ukingo wa mbali kuelekea kwetu.

Zuhura alipiga magoti hata sikumwona anashuka. Vichupa viwili, upesi, moja, mbili. Akageuza cha kwanza kwenye jua, akaangalia kwa lenzi, akachukua kichupa cha spiriti chenye jike wa mwaka jana akaweka sambamba. "Ni yeye," akasema. "Kibamba kilekile." Jike hai, mzima.

Akageuza cha pili. Akakigeuza tena, na tena.

"Ni dume. Lakini tazama, bibi."

Nikatazama. Vile vimikono vyake vimevimba kweli, lakini vimefumba, laini kama ngumi ya mtoto mchanga. Hakuna pembe wala sura. Zuhura akasema bado ngozi moja. Akijivua mara moja tena atakuwa mwanamume, na pembe itaonekana. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa mwezi ujao.

Nolari naye akachukua lenzi. "Huyo ni layoni," akasema, yaani kijana ambaye hajaingia jando. "Layoni hamwezi kumwoza. Na hamwezi kumharakisha. Sisi wenyewe tunangoja miaka mpaka wazee wakubaliane."

Ilikuwa Jumatano. Jumamosi ilitupasa kuondoka. Basi tulikaa tukimngoja layoni wetu, wanawake watatu, zamu kwa zamu, kichupa kimeegeshwa ndani kwa Nolari mahali pa giza. Hakula nzi tuliyempa. Zuhura akasema hiyo dalili nzuri. Majirani walikuja kuuliza hali yake asubuhi na jioni kama mgonjwa. Lekishon alikuja pia, akatazama lile dume jeusi lililopotea, akanitazama mimi, akaondoka, na tangu hapo hakunisalimia.

Walituchinjia mbuzi. Wao humziba pumzi, na Zuhura ni Mwislamu, nyama ile hawezi kula. Nolari alidhani ameudhika kwa ajili ya makopo. Nilieleza mpaka nikachoka, mwishowe Nolari akasema anaelewa, hata mashujaa wao wana nyama wasizokula, akamwongezea maziwa. Zuhura alirudi Karatu na mashavu.

Ijumaa asubuhi, ng'ombe wamekwisha kutoka, Nolari akatuita kwa kidole. Layoni amelala chali. Zuhura akawa mweupe. Lakini hakuwa amekufa: kichwa kikafunguka kama kifuniko cha sufuria, akaanza kutoka. Jamani, nimepokea watoto tangu sijaota mvi, lakini sikuwahi kuona mtu anajizaa mwenyewe. Alikuwa anavuta miguu yote minane kwa mara moja, polepole, kama unavyovua sweta iliyolowa. Anavuta, anapumzika. Anavuta, anapumzika. Miguu ikatoka. Vimikono vikakwama.

Vile hasa tulivyovifuata. Upepo wa Kakesio ni mkavu, ngozi ya zamani ilikuwa imekauka ikambana. Zuhura alichukua sindano avisaidie kutoka.

Nikamshika kiganja. "Weka chini, mwanangu. Hujaitwa."

"Bibi, vikikatika nimekwisha."

"Ndiyo maana. Lete maji."

Nikalowanisha pamba, nikaisukuma tena mdomoni mwa kichupa, nikakishika kwenye viganja vyangu kikapata joto na unyevu, kama unavyomfanyia mama aliyekaukiwa na maji ya uzazi. Tukangoja. Nolari alikuwa anasali kwa Kimasai na mimi kwa Kiiraqw, na Zuhura kwa Kiarabu, kwa hiyo kama Mungu hakusikia si kosa letu. Kisha akavuta mara moja, kidogo tu, na kile cha kushoto kikatoka. Akapumzika. Na cha kulia.

Alikuwa rangi ya maziwa, dhaifu, hajui aende wapi. "Sasa ni murrani," akasema Nolari, yaani kijana aliyekwisha kutoka jando.

Kakesio: harusi

Mchana huohuo mtu akaja kutoka Endulen: Bakari anasalimu, springi ya lori imevunjika, tusije mpaka siku ya Ijumaa inayokuja. Habari mbaya namna hiyo sijawahi kuona inapokelewa kwa vigelegele. Yule mjumbe alidhani hatukusikia, akairudia.

Siku nne murrani wetu alikaa, akawa mweusi, akakomaa. Pembe yake ikaonekana. Zuhura aliichora kwenye daftari mara sita. Akasema haifanani na yoyote aliyoiona kitabuni. Lakini furaha haikukamilika, maana mwalimu alishauliza: ni mume wake kweli, au mpita njia? Kukutwa chini ya ngozi moja si ndoa. Njia ya kujua ilikuwa moja, kuwakutanisha wakiwa hai. Na jike ni mkubwa kuliko dume, akikasirika anamla.

Zuhura alikaa na vichupa viwili mapajani tangu mbuzi wanywe maji mpaka kivuli kikafika mlangoni. "Akiliwa, bibi, narudi bila kitu."

"Na ukimtia kwenye spiriti sasa," nikamwambia, "unarudi na mwanamume usiyejua ni wa nani."

Akavigeuza vile vichupa mapajani. Lakini mimi nikakumbuka jambo moja ambalo kila mwanamke wa kwetu analijua. Bibi harusi tunamlisha majuma mengi kabla ya siku yake, hatoki, hachoki, anakula. Watu wanasema ni kwa uzuri. Si uzuri tu. Mwanamke mwenye njaa hampendi mtu. Nikamwuliza Zuhura, huyu bibi harusi wetu kala lini? Akafikiri. Tangu Jumatano ile, hajala.

Mimi na Nolari tukaenda kukamata nzi. Boma la ng'ombe, nzi ndio wenyeji. Nolari anakamata kwa mkono mmoja bila kutazama. Jike akala wa kwanza, akala wa pili, akala wa tatu. Wa nne akamtazama akamwacha. "Sasa," nikasema. Zuhura akavuta pumzi, akang'oa pamba mwenyewe.

Tuliwaweka kwenye bakuli dogo la kioo, ndani kwa Nolari, mwanga unaingia kwa kile kitundu cha ukutani tu. Nimesindikiza maharusi wengi, lakini huwa tunaishia mlangoni. Hapa niliinama na lenzi. Murrani akasogea, akagonga chini kwa miguu ya mbele, anabisha hodi. Jike akainua kichwa. Murrani akakimbia mpaka ukingoni. Nolari akasema neno la Kimasai ambalo siandiki. Akarudi, akagonga tena. Jike akamrukia, na Zuhura akafumba macho.

"Fumbua," nikamwambia. "Hajamla."

Alikuwa amesimama tu, ametulia, ameshiba. Murrani akapita juu ya mgongo wake, akainama ubavuni, akanyoosha kile kimkono cha kushoto chini ya tumbo lake. Zuhura akanipokonya lenzi. Akainama mpaka pua ikagusa bakuli. Kisha: "Imeingia. Bibi, imeingia." Akanirudishia lenzi, nikaona nami, halafu cha kulia. Nolari alifungua kinywa apige kigelegele na mimi nikamziba kwa kanga yangu, akapigia humohumo ndani ya kanga, mkono wangu ukatetemeka wote.

Zuhura aliwatenganisha kwa brashi ndogo kabla bibi harusi hajabadili nia. Akaandika kwenye daftari siku, mahali, na alichokiona. Akasema mwalimu atataka mashahidi, kwa maana mtu anaweza kujiandikia anachotaka. Nolari akapaka dole gumba masizi ya chungu akalibonyeza. Mimi nikaomba penseli.

Kisha likabaki lile jingine, na sitaficha. Murrani lazima aingie kwenye spiriti, ndiyo kazi. Niliyemshika viganjani. Zuhura akamwambia pole, akasukuma pamba. Jike naye Zuhura alitaka kumtia humohumo, wawe pamoja. Nikamwambia hapana, mwanangu. Huyu sasa ana mimba, na mimi ni mkunga. Wenzake watano wako chupani, watatosha. Alinitazama, akachora kibamba chake kwanza, vizuri, upande huu na upande ule. Halafu akanipa kichupa. Nilimrudisha chini ya ngozi ya fahali, nikaishusha taratibu.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Yule punda asiyestahili alianguka mara moja na sanduku halikuvunjika. Lekishon alianza kunisalimia tena karibu na Endulen. Getini Elifasi alitukimbilia kabla gari halijasimama, akauliza, "Mume kapatikana?" na Zuhura akampa lenzi. Karatu, Mzee Saidi aliuliza kama binti yake alilindwa, nikamwambia alilindwa na mimi, na Nolari, na ng'ombe themanini. Siku ya pili Zuhura akapanda basi la Uganda, kichupa amekifunga kwenye leso kifuani.

Barua imefika juma lililopita, Mzee Saidi akanisomea juu ya gunia la chumvi. Mwalimu ametazama pembe, ametazama kibamba, ametazama michoro. Amesema ndiyo, mke na mume, na hakuna kitabu kinachowajua. Kazi ya Zuhura imepokelewa. Ule ukurasa wa mashahidi ameubandika pamoja na kazi yenyewe, wale watakaokuja baadaye wauone.

Kwa hiyo, Mama Sulle, uliyesema kisimani kwamba ajuza wa Rhotia hawezi kuona kitu kidogo namna hiyo, na kwamba nimetiwa maneno na mtoto wa shule: niliona. Cha kushoto kwanza, kisha cha kulia. Na kwenye ukurasa ule wa mashahidi jina langu lipo, Paskalina Yame, nimeliandika mwenyewe.